Kati ya Adhuhuri na Jioni

Palikuwa na mtu akiitwa Lugwisha,
mwana wa Mlekwa, mwana wa Kapela.
Mwaka wa nzige alivuka mto Wala
na moto ndani ya chungu, mke mmoja,
na mizinga saba ya gome la mtundu.
Hakumwomba mtu ardhi. Hapakuwa na mtu.
Alitundika mizinga, mmoja kila mwendo wa asubuhi,
akasema: watakakoingia nyuki, hapo nitapika.
Waliingia mzinga wa tano.
Akatua chungu.

Mwaka wa tatu akaja Kashindye,
watoto wengi, mbegu hana.
Lugwisha alimpa mtama vikapu vinne na maneno haya:
"Upande wa mashariki, kivuli cha mninga wangu
kinapoishia, nami naishia hapo.
Ng'ambo yake lima."
Hakusema saa ngapi.

Lugwisha alipima jioni,
kivuli kilipovuka kichuguu na kujinyoosha
kama mtu aliyeshiba.
Kashindye alipima adhuhuri,
kivuli kikiwa kimejikunja shinani kama mbwa.
Kati ya adhuhuri na jioni pana ekari sita,
kichuguu kimoja, na mzinga mmoja.

Miaka kumi na minne walisalimiana.
Walizikiana watoto.
Kashindye akafa kwa tumbo, Lugwisha kwa uzee;
hao wanatoka katika habari hii.

Jilala bin Kashindye alikuwa mrefu, mcheshi,
mwepesi wa kupanda miti.
Usiku mmoja alipanda na mwenge wa moshi.
Mihambo bin Lugwisha alikuwa chini.
"Shuka."
"Niache nimalize sega hili."
Akamwacha amalize.
Jilala alishuka analamba vidole.
Shoka lilimwingia kati ya shingo na bega.
"Mpini mpya," alisema Jilala,
na hakusema lingine.

Mihambo alikwenda nyumba ya kwanza yenye moto,
akabisha, akataja jina lake na alilolitenda,
asije akaitwa mwizi.

Baraza lilikaa Urambo siku mbili.
Ng'ombe kumi na wawili.
Walilipwa wote. Mmoja alichechemea.
Nyanzala, mama wa marehemu,
alisimama mlangoni mwa zizi akahesabu
kumi na mmoja na nusu.

Shati la Jilala hakulifua.
Alilikunja, akalitia kwenye lindo pamoja na karanga za mbegu.
Kila msimu alitoa karanga, akalirudisha shati.
Mwaka wa nne Shija, kitinda mimba wake,
alirudi kutoka kukata mkonge, mabega yamejaa.
Mama alimwandalia ugali na kuku,
na chini ya sahani, badala ya mkeka,
akatandika shati.
Shija alikula. Akamaliza. Akanawa.
"Shoka liko wapi?"

Usiku ule hakwenda kwa Mihambo.
Alikwenda kwenye mninga.
Kijiji kizima kilisikia, na hakuna aliyetoka,
isipokuwa mmoja.
Wapo wanaosema Shija aliupindisha mti umwangukie.
Wapo wanaosema Mihambo aliusikia ukilia,
akasimama pale pale, mikono nyuma.
Bibi yangu Wande, binti wa Mihambo,
alikuwa na miaka sita, alitazama kupitia ufa wa ukuta.
Nilimwuliza mara nyingi.
Alikuwa akisema: utomvu wa mninga ni mwekundu,
asubuhi hatukujua kipi ni kipi.

Mti ulilala kuelekea mashariki,
ncha yake ikagusa kichuguu.
Haukufika jioni, ulipita adhuhuri.
Pakawa mpaka.
Wande alipokua aliolewa na mwana wa Shija,
na shina lilipasuliwa mbao:
mlango mmoja, kitanda kimoja.
Nilizaliwa juu yake. Hakilii, ni kigumu.

Juzi amekuja mpima ardhi wa wilaya,
kijana mpole, mashine yake ina miguu mitatu.
Kisiki kimechipua tena, urefu wa mbuzi.
Akafungua daftari, akauliza
ardhi ya kina Lugwisha inaishia wapi.
Nikatazama juu, nikafumba jicho moja.
"Kwani," nikamwuliza, "sasa ni saa ngapi?"